Je, Wajua? Yale Wanasayansi Husimulia Kwenye Chai ya Pili

Ukimhoji mtafiti, nusu saa ya kwanza ni ya ripoti. Atakupa idadi ya sampuli, atakupa asilimia, atakutajia jarida lililochapisha. Vumilia. Ukishafunga daftari na chai ya pili ikamiminwa, ndipo anapojiegemeza kitini na kuanza: "Sasa nikwambie ilivyokuwa hasa." Hapo hutoka mavi ya tembo, soksi zinazonuka, mwalimu aliyecheka na ndege iliyokosa pa kutua kwa sababu ya ukungu. Leo safu hii inaacha ripoti kwa wenye ripoti na kukusanya ya chai ya pili. Mengi yamesimuliwa na wenyewe, kwenye mihadhara na mahojiano. Karibu yote yametokea huku huku kwetu, au yameanzia huku.

Je, wajua kwamba nyayo za kale za Laetoli ziligunduliwa kwa sababu ya mchezo wa kurushiana mavi ya tembo?

Ilikuwa mwaka 1976, kusini mwa Bonde la Olduvai, katika eneo la Ngorongoro. Wageni wa mwanaakiolojia Mary Leakey walikuwa wanarudi kambini, watu wazima wenye shahada zao, wakaanza kurushiana mavi makavu ya tembo kama watoto wanavyorushiana mchanga. Andrew Hill, mmoja wao, akiwa katika kukwepa akajikuta chini. Uso ukiwa karibu na ardhi, akaona vishimo vidogo kwenye jiwe. Yalikuwa matone ya mvua, na kando yake nyayo za wanyama. Majivu ya volkano yalikuwa yamenyeshewa, wanyama wakayakanyaga yakiwa mabichi, jua likayakausha yakawa kama saruji, majivu mengine yakayafunika. Miaka miwili baadaye, 1978, zikapatikana na zile zilizoupa mji wa Arusha watalii wa kudumu: nyayo za viumbe wa ukoo wetu waliotembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.66 iliyopita, msururu wa kama mita 27.

Subiri, haijaisha. Mwaka ule ule wa 1976 ulipatikana msururu mwingine mfupi wa nyayo za ajabu ajabu, na baadaye ikasemwa kwamba huenda ni za dubu. Zikasahaulika hivyo. Miaka mingi baadaye, ili kuhakikisha, watafiti wakaenda New Hampshire, Marekani, kwenye kituo cha kulelea dubu yatima, wakawashawishi dubu wadogo watembee kwa miguu ya nyuma juu ya tope kwa kuwaonyesha rojo la tufaha na asali ya mti wa mepo. Dubu wakatembea, tope likapimwa, na mwaka 2021 jibu likatoka: za Laetoli si za dubu. Ni za mwenye miguu miwili, tena mwendo wake ulikuwa wa kupishanisha miguu, kama mtu anayejaribu kutembea juu ya kamba.

Na je, wajua kwamba nyayo nyingine za Laetoli ziligunduliwa na Watanzania waliokwenda kuangalia kama ni salama kujenga makumbusho? Profesa Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wakichimba mashimo ya majaribio mwaka 2015, mita kama 150 kutoka kwenye nyayo za kwanza. Ndani ya mashimo hayo wakakuta nyayo. Mmoja wa waliozikanyaga alikadiriwa kuwa na urefu wa kama sentimita 165, yaani mrefu kuliko wote waliojulikana wa aina yake. Mkaguzi wa kiwanja hajawahi kurudi ofisini na sababu nzito kama hiyo ya kusema "hapa msijenge".

Tukiwa kwenye mifupa: je, wajua kwamba aliyempata "Kijana wa Turkana", mifupa iliyokamilika kuliko mingi ya zama zake, alikuwa mtu mwenye elimu ya shule ya msingi, tena siku hiyo alikuwa mapumzikoni? Kamoya Kimeu, mtoto wa Ukambani, aliingia kazi ya kuchimba kwa akina Leakey mwaka 1960. Mwaka 1984, kando ya mto mkavu wa Nariokotome magharibi mwa Ziwa Turkana, wenzake wakiwa wanapumzika, yeye akaenda kunyoosha miguu. Akaona kipande cha fuvu kisichozidi kiberiti, rangi yake sawasawa na kokoto zilizokizunguka. Ulikuwa mlango wa mifupa zaidi ya 100 ya kijana mmoja aliyeishi kama miaka milioni 1.5 iliyopita. Mwaka 1985 Kamoya alivishwa nishani na Rais Ronald Reagan kule Washington. Nyani wawili wa kale wamepewa jina lake katika sayansi: mmoja Kamoyapithecus, mwingine ana "kimeui" mwishoni mwa jina. Watu wengi wenye uprofesa hawana hata mende aliyeitwa kwa jina lao.

Majina, basi. Je, wajua kwamba "chikungunya" ni Kimakonde? Ugonjwa huo ulielezwa kitaalamu baada ya mlipuko wa mwaka 1952 kwenye nyanda za Wamakonde, kusini mwa Tanganyika. Daktari hakuwa na jina, wagonjwa walikuwa nalo: neno la kujikunja, kwa namna maumivu ya viungo yanavyompinda mtu. Vitabu vingi vya nje vimeandika kwamba ni Kiswahili. Si chetu, tuwarudishie Wamakonde chao.

Je, wajua kwamba dengi nayo ina jina la Kiswahili ambalo magazeti yetu hulisahau kila mlipuko unapozuka? Kidingapopo. Na wapo wanaisimu wanaodai kwamba "dengue" ya Wazungu ilitokana na neno hilo hilo, likasafiri na meli hadi visiwa vya Karibi.

Je, wajua kwamba kirusi cha Zika kilipatikana mwaka 1947 na watu waliokuwa wanatafuta homa ya manjano? Walimweka tumbili ndani ya kizimba juu ya mti, katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, kama chambo cha mbu. Tumbili namba 766 akapata homa. Haikuwa homa ya manjano. Ilikaa vitabuni karibu miaka 60 kabla dunia haijajifunza kuitamka.

Na Ebola? Hapa naomba tukae kidogo.

Mwaka 1976 habari zilifika Kinshasa kwamba kule Yambuku, kaskazini mwa nchi, watu wanakufa kwa homa isiyojulikana kwenye hospitali ya misheni. Akatumwa Jean-Jacques Muyembe, daktari kijana aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Ubelgiji na shahada ya virusi. Alidhani ni homa ya matumbo. Akawatoa damu wagonjwa kwa mikono mitupu, hakuna glavu. Anasimulia kwamba jambo lililomshtua ni kidogo tu: akichomoa sindano, damu haikukoma pale ilipochomwa, ikaendelea kutiririka, vidole vyake vikalowa. Akanawa kwa maji na sabuni. Mpaka leo akiulizwa amesalimikaje, jibu lake halina zaidi ya sabuni hiyo na bahati. Akamshawishi mtawa mmoja wa Kibelgiji aliyekuwa na homa wafuatane hadi Kinshasa. Sista akafa huko, na damu ikapelekwa maabara ya Antwerp, Ubelgiji.

Ilipelekwaje? Ndani ya chupa ya chai. Thamosi ya kawaida, ya buluu, ile ile unayoiona kwenye kibanda cha mama ntilie, ikiwa na barafu ndani, mkononi mwa abiria wa ndege. Ilipofunguliwa maabara, barafu ilikuwa imeyeyuka na kichupa kimoja kimevunjika. Peter Piot wa maabara hiyo, aliyekuwa na miaka 27 wakati huo, amesimulia jambo hilo mara nyingi, na kila mara msikilizaji hujikuta anajifuta viganja.

Usiku ambao kirusi kilipewa jina, watafiti walikuwa wamekaa Kinshasa mbele ya ramani ndogo. Kukiita "Yambuku" kungekiaibisha kijiji milele. Wakatafuta mto. Wakauona Ebola, wakaupa mzigo huo. Baadaye wakagundua kwamba haukuwa hata mto ulio karibu zaidi na Yambuku. Kwa hiyo mto ule unasingiziwa.

Mwaka 1995 Ebola ikazuka Kikwit. Muyembe, sasa mtu mzima, akafanya jambo ambalo wenzake wa ng'ambo walilikunjia uso: akachukua damu ya waliopona akawaongezea wagonjwa 8. Wakapona 7. Wakosoaji walisema hakukuwa na kundi la kulinganisha, na kwa kanuni walikuwa sahihi. Lakini mmoja wa waliopona mwaka huo alitoa damu tena miaka 11 baadaye, ndani yake zikapatikana kingamwili zilizokuwa bado zinakumbuka adui. Kutokana nazo ikatengenezwa dawa.

Dawa hiyo ikajaribiwa kuanzia Novemba 2018 katika Kivu Kaskazini: Beni, Butembo, Katwa, Mangina. Hawa ni wasemaji wenzetu wa Kiswahili. Nyaraka za majaribio hayo, zilizosomwa Washington, Paris na Geneva, zilibeba kifupi cha PALM. Wazungu wengi walidhani ni mnazi. Ni Pamoja Tulinde Maisha. Agosti 2019 majaribio yakasimamishwa mapema, kwa sababu nzuri: dawa mbili zilikuwa zimezipita nyingine kwa wazi, na moja ni ile ya damu ya Kikwit. Kwa waliokuwa na virusi vichache mwilini walipofika, karibu 9 kati ya 10 walipona. Muyembe alianza na ugonjwa usio na jina, na miaka 43 baadaye akawa miongoni mwa waliotangaza kwamba una tiba.

Haya, tupumue kwa mepesi.

Je, wajua kwamba mbu wa malaria anapenda jibini? Bart Knols, Mholanzi aliyewahi kufanya utafiti Ifakara, alitaka kujua mbu aina ya Anopheles gambiae huuma wapi. Njia ilikuwa ni mtu kukaa na chupi tu kati ya mbu, huku akihesabu. Wengi walishukia miguuni, kwenye nyayo na vifundo. Miguu ikioshwa kwa sabuni, mbu hupotea njia na kuuma popote. Knols akajiuliza ni kitu gani kingine duniani kinanuka kama miguu. Jibu lilikuwa jibini ya Limburger, kwa kuwa bakteria wanaoitengeneza ni ndugu wa wale wanaoishi katikati ya vidole vyetu vya miguu. Mbu wakaifuata kweli. Mwaka 2006 yeye na mwenzake Ruurd de Jong wakapewa tuzo ya Ig Nobel, ile inayokuchekesha kwanza kisha ikakufikirisha.

Kicheko hicho kikaja Ifakara kikawa kazi. Fredros Okumu, Mkenya aliyefanya utafiti wake katika Taasisi ya Afya Ifakara, pamoja na wenzake, wakachanganya kemikali kuiga harufu ya binadamu, na kwa umbali mchanganyiko huo ukavuta mbu wengi kuliko binadamu mwenyewe. Mbu wakifika karibu, hata hivyo, mtu hai bado alikuwa mtamu. Kisha zikaja soksi zilizovaliwa siku nzima, kama chambo cha mtego. Kwa mara ya kwanza katika historia ya bonde la Kilombero, mwanaume aliambiwa asifue soksi kwa manufaa ya taifa.

Je, wajua kwamba pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, panyabuku hukagua sampuli 100 za makohozi kwa dakika 20? Mtaalamu mwenye hadubini angehitaji siku kadhaa. Panya akinusa kifua kikuu hukwaruza na kusimama hapo, husikia mlio mdogo wa "klik", na hulipwa ndizi. Hana posho ya safari. Ndugu zao hufunzwa kunusa mabomu ya ardhini, na kwa kuwa ni wepesi hawayalipui wakiyakanyaga. Magawa, aliyezaliwa Morogoro mwaka 2013, alikwenda Kambodia akagundua mabomu na silaha zaidi ya 100, akavishwa nishani ya dhahabu mwaka 2020 na shirika la Uingereza ambalo kabla yake halikuwahi kumpa panya. Mwaka 2025 mwingine, Ronin, akaipita rekodi yake, akafikisha mabomu ya ardhini 109. Bibi yangu, aliyekuwa akiwafukuza hao kwenye mihogo kwa mwiko, angetaka maelezo ya kina.

Je, wajua kwamba Wangari Maathai alifikia miti kupitia kupe? Alikuwa daktari wa anatomia ya mifugo, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu, mwaka 1971. Alikuwa anakusanya kupe kwenye ng'ombe kwa ajili ya utafiti wa ndigana kali. Huku akiwatoa kupe, akaona ng'ombe wamekonda kwa kukosa majani na mito imegeuka rangi ya udongo. Utafiti wa kupe ukaendelea, lakini macho yalishahamia kwenye mito.

Je, wajua kwamba Jane Goodall alipofika Gombe mwaka 1960, wakubwa wa koloni walikataa msichana wa miaka 26 akae porini peke yake, ikabidi aje na mama yake? Mama akafungua kituo kidogo cha dawa kwa wavuvi wa Ziwa Tanganyika. Mwezi wa nne haujaisha tangu wafike, binti, ambaye hakuwa na shahada yoyote, akaona sokwe anachokonoa kichuguu kwa bua na kula mchwa. Alipopelekwa Cambridge kusoma, akaambiwa kosa lake ni kuwapa sokwe majina badala ya namba. Hakuwanyang'anya majina yao.

Je, wajua kwamba gorila wa milimani wa Bwindi, Uganda, waliwahi kuambukizwa upele na nguo za binadamu? Mwaka 1996 walianza kujikuna hadi manyoya yanatoka, na mtoto mmoja akafa. Gladys Kalema-Zikusoka, daktari kijana wa wanyamapori, akafuata nyayo za ugonjwa mpaka mashambani. Gorila walipokuja kula migomba walikuwa wanagusa sanamu za kutishia wanyama zilizovikwa nguo kuukuu. Akaamua kwamba kumtibu gorila na kumwacha jirani yake na upele ni kumwaga maji kwenye pakacha, akaanza kutibu pande zote mbili za uzio.

Na vijijini kando ya Ziwa Viktoria, je, wajua kwamba dawa ya kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, ilipatikana kwa bahati? Watafiti wa kituo cha wadudu cha icipe kule Mbita, wakiongozwa na Zeyaur Khan, walipanda desmodiamu katikati ya mahindi ili harufu yake iwafukuze bungua wa mabua, na mabingobingo pembezoni yawavute nje. Fukuza na vuta. Bungua wakapungua, lakini cha ajabu kilikuwa chini: palipokuwa na desmodiamu, kiduha hakikuota. Mizizi yake hutoa kemikali zinazomdanganya mwizi huyo. Mkulima anayeng'oa kiduha kwa mkono tangu alfajiri hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo.

Sasa turudi kwenye damu, kwa sababu hapa Pwani na Ziwa tunahusika moja kwa moja.

Je, wajua kwa nini selimundu ipo zaidi Mombasa na Kisumu kuliko Nyeri? Anthony Allison, aliyekulia Kenya kwenye shamba la wazazi wake, alirudi nyumbani mwaka 1949 na msafara wa wanafunzi wa Oxford waliokwenda Mlima Kenya. Wenzake walikusanya mimea na wadudu. Yeye akakusanya damu, kutoka kila upande wa nchi. Akakuta jambo lisiloelezeka: Pwani na karibu na Ziwa, zaidi ya mtu 1 kati ya 5 alibeba kijinasaba cha selimundu, ilhali kwenye nyanda za juu hawakufika hata 1 kati ya 100. Ugonjwa unaoua watoto ungepaswa kupungua kizazi hadi kizazi. Mbona umeshamiri hapa na si pale? Kwa mtu aliyelala bila chandarua Pwani, jibu lilikuwa linavuma sikioni. Penye mbu wengi ndipo penye selimundu nyingi. Anayerithi kijinasaba kutoka kwa mzazi mmoja tu hasumbuliwi na ugonjwa, na malaria kali humkwepa. Anayerithi kwa wote wawili ndiye anayelipa deni la ukoo mzima.

Allison alilazimika kwanza kumaliza masomo ya udaktari. Akarudi mwaka 1953 kulipima wazo lake, akalichapisha 1954. Wakubwa wa fani hawakuamini upesi.

Nusu karne baadaye Julie Makani, daktari wa Tanzania, akaanza pale Muhimbili kuwafuatilia wagonjwa wa selimundu mmoja mmoja, mwaka baada ya mwaka, hadi kundi lao likawa miongoni mwa makubwa kabisa duniani. Kila mwaka watoto wapatao 11,000 huzaliwa Tanzania na ugonjwa huu. Mwaka 2011 alipata tuzo ya Royal Society ya Uingereza. Ukiniuliza mimi, jina lenyewe linastahili tuzo yake: "seli" iliyopinda kama "mundu". Mama aliyepalilia maisha yake yote analiona umbo hilo kabla daktari hajachora.

Je, wajua kwamba kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu kilitoka Mulago, Kampala, na kwamba ukungu wa Uingereza ndio uliokitoa mafichoni? Denis Burkitt, daktari wa upasuaji mwenye jicho moja, alikuwa ameona watoto wengi wenye uvimbe wa taya. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakachukua gari kuukuu wakazunguka kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, maili 10,000, wakiuliza hospitali kwa hospitali: mnao huu? Ramani yake ikafuata joto na mvua. Sampuli zikawa zinatumwa kwa ndege London kwa mtafiti wa virusi Anthony Epstein, ambaye kwa zaidi ya miaka miwili hakuambulia kitu.

Ijumaa moja ya Desemba 1963, uwanja wa ndege wa London ukafunikwa na ukungu, ndege ikaelekezwa Manchester. Sampuli ilipofika maabara jioni, maji yake yalikuwa yamechafuka. Mtu mwingine angesema imeoza, akatupa, akaenda nyumbani. Epstein akaweka tone chini ya hadubini: hakukuwa na bakteria, zilikuwa seli hai zimejitenga na kuelea kwa kutikiswa njiani. Hizo zikakubali kukuzwa. Februari 1964 aliona kirusi ndani yake kwa hadubini ya elektroni. Alisimulia kwamba alishtuka mno, akazima mashine ili miale isiunguze sampuli, akatoka bila koti kuzunguka mtaa kwenye theluji mpaka moyo ulipotulia. Kirusi hicho wewe unacho. Zaidi ya 9 kati ya watu wazima 10 duniani wanacho, kimelala.

La mwisho, nililoliweka makusudi kama mwenye duka anavyoweka lambalamba chini ya jokofu.

Je, wajua kwamba Erasto Mpemba hakuwa wa kwanza kujua? Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu katika Sekondari ya Magamba, Lushoto, wanafunzi walikuwa wakichemsha maziwa, wakatia sukari, wakaacha yapoe ndipo wayagandishe kuwa aiskrimu. Nafasi ndani ya jokofu haikutosha. Mwenzake akawahi na maziwa ambayo hakuyachemsha kabisa, na Mpemba kwa hofu ya kukosa sehemu akaingiza yake yakiwa yanatoa mvuke. Baada ya saa moja na nusu, ya moto yameganda, ya baridi bado uji. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa.

Akashuka likizo Tanga. Huko alikuwa na rafiki anayetengeneza na kuuza aiskrimu, akamuuliza. Rafiki hakushangaa: ndivyo tufanyavyo, ya moto huganda upesi. Mjini Tanga, ambako mteja hangoji, jambo lilikuwa ni utaratibu wa kazi.

Alipokwenda Mkwawa, Iringa, akauliza tena darasani. Mwalimu akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya dunia. Tangu hapo akikosea hesabu, wenzake humwambia ni hesabu ya Mpemba. Akaja mgeni kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, Denis Osborne. Mpemba akasimama mbele ya shule nzima na swali lile lile: vyombo viwili vya maji, kimoja nyuzi 35, kingine 100, kwa nini cha 100 huganda kwanza? Wenzake wakaona aibu. Osborne akaahidi kujaribu.

Dar es Salaam, kijana wa maabara aliyepewa kazi hiyo alirudi na taarifa kwamba kweli ya moto yametangulia, ila asijali, atarudia mpaka apate jibu lililo sahihi. Akarudia. Jibu likabaki lile lile. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha pamoja, wakati huo Mpemba akiwa Chuo cha Wanyamapori Mweka, akijifunza kutunza tembo.

Mwaka 2012 wakemia wa Uingereza walitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayeeleza sababu. Walioleta majibu walizidi 22,000. Wengine wakasema ni mvuke unaopunguza maji, wengine mzunguko wa maji ndani ya chombo, wengine gesi. Mwaka 2016 watafiti wawili wakapima kwa uangalifu, wakasema hawaoni kitu, na kwamba kusogeza kipimajoto sentimita moja juu au chini kunatosha kukuonyesha unachotaka. Wengine wakawajibu. Ubishi unaendelea, na kule Tanga aiskrimu iliuzwa zamani ikaisha.